Mng'ao Haunyoi Ndevu

Wiki hii nimeletewa wembe mwingine wa kukunja ambao mwenyewe alikuwa "ameshaufufua", na kilichobaki, kwa maelezo yake, kilikuwa mimi kuupitisha jiweni mara mbili tatu. Bapa liling'aa hata ningeweza kujitazamia meno. Nchani, hata hivyo, palikuwa na alama ya buluu nyembamba kama uzi, na nilipoiona nilijua kwamba madhara yalikuwa yametangulia kunifikia.

Imani hii, kwamba wembe wa kale ukishang'aa kama kioo umepona, nimeijibu mara nyingi mno. Safari hii naijibu kwa maandishi.

Nyembe za kale za Sheffield, Uingereza, na Solingen, Ujerumani, ni za feleji yenye kaboni nyingi. Mfuaji aliipasha moto hadi ikawa nyekundu, akaizima ghafla ikawa ngumu lakini yenye kuvunjika upesi, kisha akaipasha tena kwa joto dogo, takriban nyuzi 150 hadi 200 za sentigredi, ili ipunguze kuvunjika bila kupoteza ugumu wake. Tangu hapo, joto lolote linalopita lile la mwisho huilainisha, na hakuna jiwe wala ukanda wa ngozi utakaourudisha ugumu huo. Gurudumu la kung'arishia linaloendeshwa kwa mota halihitaji hata dakika moja kufikia joto hilo, kwa kuwa makali ni membamba kiasi kwamba joto halina pa kukimbilia.

Hapo ndipo ninapojibiwa: "Lakini mimi hushika wembe kwa vidole vitupu, ukianza kuniunguza naacha." Vidole hivyo, ndugu yangu, vimeshika mgongo, wenye unene wa milimita nne au tano na unaopata joto polepole, ilhali makali yameshaungua zamani. Wengine husubiri rangi. Manjano hafifu huanza kujitokeza kwenye nyuzi 200 na ushee, na buluu karibu na 300, kwa hiyo anayesubiri buluu ndipo azime mashine anasubiri paa lianguke ndipo aulize kama nyumba inaungua. Tena rangi yenyewe ni utando wa juu tu, na ukiung'arisha tena unatoka. Kwa sababu hiyo wembe uliolainika unaweza kupendeza kabisa machoni, nami sina namna ya kuugundua ila jiweni, pale makali yanapokubali kunoleka lakini yakapinda baada ya kunyoa mara moja. Nakiri kwamba zaidi ya mara moja nimelaumu unoaji wangu kwa siku kadhaa kabla ya kuishuku feleji, na yawezekana nyembe nyingine nimezihukumu kimakosa, kosa likiwa la mkono wangu.

Mimi natumia msasa wa maji, kwa mkono, bapa likiwa limelazwa juu ya kibao, nikivuta kutoka mgongoni kuelekea nje ya makali. Ni kazi ya jioni kadhaa. Mipini ya seluloidi, ile plastiki ya kale, inayotoa harufu ya kafuri na ya tindikali itupwe bila majadiliano, kwa sababu mvuke wake ndio uliouotesha wembe kutu.

Mgongo nao hauguswi ovyo. Wakati wa kunoa, mgongo na makali hulala pamoja juu ya jiwe, hivyo unene wa mgongo ukilinganishwa na upana wa bapa ndio unaoamua pembe ya makali. Wembe wenye upana wa milimita 16 na mgongo wa 4.8 hutoa pembe ya nyuzi 17 hivi, na mgongo huohuo ukisagwa hadi 4 kwa kutafuta mng'ao, pembe hushuka hadi karibu 14, nayo makali hayo hayadumu.

Mhuri wa shinani, yaani pale bapa linapoungana na mpini, nauzungukia kwa mbali. Sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 ililazimisha bidhaa zilizoingizwa huko kuandikwa nchi zilikotoka, na ndiyo maana neno "Germany" juu ya wembe hutusaidia kukisia umri wake. Msasa hulifuta kwa dakika kumi.

Kuhusu vishimo vya kutu, vilivyo katikati ya bapa havinisumbui, viachwe. Vinavyonitia wasiwasi ni vile vya karibu na makali, kwa sababu doa jeusi halisemi kina chake mpaka jiwe lilifikie.

Ule wembe wa buluu nimeukata ncha kwenye jiwe lenye maji hadi nikafikia feleji isiyobadilika rangi, ingawa, kama nilivyokwisha kueleza, hilo si ushahidi. Nimeunoa na umenyoa vizuri mara moja. Nasubiri kunyoa kwa pili na kwa tatu kabla ya kumwita mwenyewe.