Kwa nini mtu mweusi anapewa skizofrenia haraka kuliko sonona?

Swali: Eti daktari wa akili anaweza kukosea ugonjwa kisa rangi yako tu, aseme skizofrenia (ugonjwa wa akili wa kusikia sauti zisizokuwepo na kuamini mambo yasiyo ya kweli) kumbe ni sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha)?

Jibu: Anaweza, na wala si lazima awe mbaguzi wa kutukana watu. Malaria unapimwa damu yanaisha, ila skizofrenia haina kipimo hicho, daktari anakusikiliza anakutazama kisha anaamua, na hapo kwenye kuamua ndo yale aliyoyakariri kuhusu watu weusi yanapenya. Mwaka 1988 Marekani, Loring na Powell walitoa utafiti, madaktari wa akili 290 walisomeshwa maelezo ya wagonjwa yaleyale ila rangi na jinsia zinabadilishwa. Akiandikwa mwanaume mweusi, skizofrenia ya paranoia, yaani ya kuhisi watu wanamwinda, inaongezeka na anaonekana hatari zaidi. Karatasi tu jamani, mgonjwa mwenyewe hawajamwona!

Swali: Imani hizo zimetoka wapi?

Jibu: Mbali, na zingine hapa hapa kwetu. Carothers, daktari aliyeongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari Nairobi enzi za mkoloni, aliandika kitabu kikachapishwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 1953, humo anafananisha akili ya Mwafrika na ya Mzungu aliyepasuliwa ubongo wa mbele, na anadai sonona ni nadra kwetu. Sasa kama umefundishwa mtu mweusi hapati sonona, huzuni yake utaiitaje?

Swali: Kukosea huko kuna madhara gani?

Jibu: Mtu mwenye sonona halali usingizi, hali chakula, kachoka na dunia, akiulizwa anajibu kwa ukali au ananyamaza, anaandikiwa "mkorofi, ana shaka na watu". Anapewa dawa za skizofrenia, zingine zinanenepesha zingine zinatetemesha mikono, na huzuni iko palepale.

Swali: Kaka yangu yuko Marekani kaambiwa ana skizofrenia, aache dawa?

Jibu: Hapana, asiache ghafla, na skizofrenia ipo kweli, weusi nao wanaugua. Amuulize daktari kaona dalili gani hasa, na kama alishamuuliza habari za usingizi, msiba, kukata tamaa. Asiporidhika aombe daktari wa pili. Na kama Kiingereza kinamsumbua aombe mkalimani wa kazi hiyo, si mtoto wa nyumbani, maana akisema "marehemu mama kanijia jana usiku" sisi tunaelewa kaota, mtoto akilitafsiri neno kwa neno daktari anaandika mgonjwa anaona wafu.