Mjomba ana pampu ya moyo, anataka kuja Ukerewe

Msomaji wa Kirumba, Mwanza, anasema mjomba wake aishiye Marekani alipandikizwa pampu baada ya moyo kushindwa kufanya kazi. Sasa anataka kuja Ukerewe, kisiwani Ziwa Victoria, kusalimia ndugu.

Ina maana moyo wake umetolewa?

Hapana, upo palepale. Chumba cha chini cha kushoto ndicho husukuma damu kwenda mwilini. Kikilegea, maji hujaa mapafuni, miguu huvimba, na mgonjwa hawezi kulala bila mito mitatu. Pampu hufungwa kwenye ncha ya chumba hicho, huvuta damu na kuipeleka kwenye mshipa mkuu, aota. Wengine huwekewa wakisubiri moyo wa kupandikizwa, wengine hubaki nayo maisha yote.

Mkewe anasema ukimshika mkono husikii mapigo. Kweli?

Kweli kabisa. Pampu hizi husukuma damu mfululizo, kwa hiyo mapigo huwa hafifu au hayasikiki. Hata mashine ya kawaida ya kupima presha mara nyingi hugoma kusoma. Waambieni ndugu mapema, maana mtu anaweza kuangua kilio bure.

Umeme ukikatika je?

Hapa ndipo penye kazi. Waya mmoja hutoka tumboni hadi kwenye kidhibiti kinachovaliwa kiunoni, nacho hulishwa na betri mbili. Betri za pampu aina ya HeartMate 3 zikijaa zinaweza kudumu hadi saa 17. Hubadilishwa moja baada ya nyingine. Ukichomoa zote mbili kwa pamoja, unahatarisha maisha yake. Aje na betri za akiba, na nyumba atakayofikia iwe na jenereta inayowaka kweli, si ile ya kusubiri fundi.

Ataoga ziwani?

Asithubutu. Kuzama majini ni marufuku: vifaa vitaharibika, na tundu la waya ni mlango wa vijidudu. Kidonda kisafishwe na kufungwa kama alivyofundishwa. Kikitoa usaha, au akipata homa, ni hospitali siku hiyohiyo.

Chakula?

Sato na ugali ale, chumvi apunguze. Anatumia wafarini ili damu isigande kwenye pampu, hivyo mchicha, matembele na kisamvu ale kwa kiasi kilekile alichozoea. Asinunuliwe diklofenaki dukani kwa maumivu ya mgongo. Inaweza kumtoa damu tumboni. Mitishamba pia, hapana.

Bibi yetu ana moyo mkubwa. Naye atafutiwe?

Kwanza apimwe moyo kwa ultrasaundi, hospitali ya Bugando jijini Mwanza kwa mfano. Huenda shida ni presha ya muda mrefu au valvu zilizoharibika, na hizo zina tiba zake. Pampu hufikiriwa dawa zikishashindwa, tena kwa wachache.

Basi tumruhusu avuke?

Kabla ya kukata tiketi, madaktari wake wazungumze na wataalamu wa moyo wa huku. Mimi ningemfikisha Mwanza mjini tu, ndugu wa Ukerewe wapande kivuko wamfuate.