Seneta mmoja, kaunti chungu nzima: uwakilishi wa vijijini Nebraska

Ukisema seneta wa Marekani, akili za wengi wetu zinakwenda moja kwa moja Washington. Huko wako 100, wawili kwa kila jimbo, na jimbo liwe na watu wengi au wachache, wawili ni wawili. Lakini kila jimbo lina bunge lake lenye maseneta wake, na hao ndio wanaoamua kodi ya nyumba na mashamba, fedha za shule, maji ya visima vya umwagiliaji na sheria za leseni za pombe. Kwenye karatasi ya kura majina yao yako chini, na wapigakura wengi, hasa waliopata uraia juzijuzi, huchoka kabla hawajafika hapo. Makala hii inawahusu hao wa chini.

Nebraska, jimbo lililo katikati ya Marekani, ni mfano mzuri ingawa ina kituko chake: ndilo jimbo pekee lenye bunge la chumba kimoja, tangu 1937. Wabunge wake 49 wote huitwa maseneta. Hata chama cha mgombea hakiandikwi kwenye karatasi ya kura. Wawili wanaoongoza katika mchujo wa Mei ndio wanaokutana Novemba, hata wakiwa wa chama kimoja. Mwaka 2016 katika Eneo la uchaguzi la 43, kaskazini magharibi, Tom Brewer alimng'oa Al Davis aliyekuwa akitetea kiti, na wote wawili walikuwa Warepublican. Brewer, wa kabila la Waoglala Lakota, akawa miongoni mwa wachache sana wa asili ya wenyeji wa Marekani kuwahi kuingia katika bunge hilo.

Eneo hilo la 43 linastahili kutazamwa kwa karibu. Ndani yake imo kaunti ya Cherry, yenye kilomita za mraba zipatazo 15,500. Mkoa wa Kilimanjaro wenye watu zaidi ya milioni 1.8 ni mdogo kuliko kaunti hiyo moja. Wakazi wa Cherry katika sensa ya 2020 walikuwa 5,455. Sehemu kubwa ni vilima vya mchanga vilivyoota nyasi, na ng'ombe wamewazidi watu kwa mbali. Kaunti yenyewe imekatwa na mstari wa saa: mashariki wakisema ni saa mbili asubuhi, magharibi bado ni saa moja. Ndiyo maana sheria ya jimbo imeweka vituo vya kura vifunguliwe saa mbili kwa saa za mashariki na saa moja kwa za magharibi, ili vyote vifungwe kwa wakati mmoja. Kaunti zenye watu wasiofika 10,000 zinaruhusiwa kuomba kuendesha uchaguzi kwa posta, na hapo mpigakura hana haja ya kuendesha gari saa nzima kufuata kisanduku.

Kwa nini basi kaunti kubwa hivyo isiwe na seneta wake peke yake? Kwa sababu ya hesabu. Nebraska ilikuwa na watu 1,961,504 mwaka 2020. Gawanya kwa 49, kila seneta anapata takriban watu 40,000. Kaunti ya Cherry haifikishi hata moja ya saba ya idadi hiyo, kwa hiyo lazima iunganishwe na majirani zake hadi idadi itimie. Mjini Omaha watu 40,000 wanaenea mitaa kadhaa tu, na seneta anaweza kulizunguka eneo lake kwa baiskeli asubuhi moja.

Hesabu hii haikuwapo siku zote. Zamani majimbo mengi yalikuwa na seneti iliyogawa viti kwa kaunti bila kujali wingi wa watu. Alabama ilikuwa haijachora upya mipaka yake tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Kaunti ya Jefferson, kulipo na jiji la Birmingham, ilikuwa na watu zaidi ya 600,000 na seneta mmoja. Lowndes, yenye watu 15,417, nayo mmoja. Na tusisahau kwamba katika kaunti kama Lowndes wengi walikuwa Weusi waliozuiwa kupiga kura, kwa hiyo "sauti ya kijiji" iliyokuwa ikitetewa ilikuwa sauti ya wenye mashamba wachache. Mwaka 1964, katika kesi ya Reynolds dhidi ya Sims, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba vyumba vyote viwili vya bunge la jimbo lazima vigawe viti kwa idadi ya watu. Jaji Mkuu Earl Warren aliandika kwamba wabunge wanawakilisha watu, si miti wala ekari.

Msomaji wa Kenya atauliza: mbona sisi tumefanya kinyume? Ni kweli. Seneti ya Kenya ina seneta mmoja wa kuchaguliwa kwa kila kaunti kati ya 47, Nairobi yenye watu milioni 4.4 sawa na Lamu yenye watu 143,920. Lakini Seneti ya Kenya iliundwa kulinda serikali za kaunti, kama ile ya Washington inavyolinda majimbo. Kaunti za Nebraska si serikali za namna hiyo. Ni vyombo vya jimbo. Kwa mizani hiyo naona mahakama ilikuwa sahihi, na wanaotaka kiti kwa kila kaunti wanaomba ardhi ipige kura.

Gharama ya uamuzi huo hata hivyo ipo, na inalipwa na vijiji kila baada ya miaka kumi. Vijana wakihamia Omaha na Lincoln, mji mkuu wa jimbo, kiti nacho kinawafuata. Kaunti tatu za mashariki, Douglas, Lancaster na Sarpy, sasa zina zaidi ya nusu ya watu wote wa jimbo lenye kaunti 93. Mwaka 2011 kiti namba 49, kilichokuwa cha wafugaji wa magharibi, kilifutwa kule na kuchorwa upya Sarpy, kando ya Omaha. Mwaka 2021 kiti namba 36, kilichokuwa katikati ya jimbo, kikafuata njia ileile. Waliobaki wakagawanywa kwa maeneo jirani, ambayo yalizidi kutanuka. Mwaka huo bunge lilifanya vikao vya kusikiliza maoni ya wananchi kuhusu ramani Lincoln, Omaha na Grand Island. Hiyo Grand Island, iliyo magharibi kuliko zote tatu, iko zaidi ya kilomita 250 kutoka Valentine, makao makuu ya Cherry.

Linalowahusu zaidi wasomaji wa Kiswahili ni hili: nani anahesabiwa? Wapigakura wawili wa maeneo ya seneti ya vijijini Texas walidai kwamba ihesabiwe idadi ya wenye haki ya kupiga kura tu, kwa sababu maeneo ya mijini yamejaa watoto na wasio raia. Mwaka 2016 majaji wote wanane waliokuwapo katika Mahakama ya Juu ya Marekani walikataa. Hoja ya mahakama, iliyoandikwa na Ruth Bader Ginsburg, ilikuwa kwamba mbunge anawahudumia wakazi wote. Mahakama haikuamua kama jimbo linaweza kuchagua lenyewe kuhesabu wapigakura peke yao, na mjadala huo haujafungwa. Kwa sasa mkimbizi wa Kikongo anayeishi Lincoln au Msomali anayefanya kazi kwenye kiwanda cha nyama Grand Island anahesabiwa kamili katika kugawa viti, hata kama hajapata uraia. Asipojaza fomu ya sensa, kijiji au mtaa wake ndio unaopungukiwa.

Kuna upande mwingine wa uwakilishi ambao hesabu haiugusi. Whiteclay ni kijiji cha watu kumi na kitu ndani ya kaunti ya Sheridan, katika eneo lilelile la 43, mpakani na South Dakota. Ng'ambo ya mpaka ni Pine Ridge, ardhi ya Waoglala Lakota, ambako pombe ni marufuku. Maduka manne ya Whiteclay yaliuza bia kwa mamilioni ya makopo kila mwaka, na walioumia walikuwa wakazi wa jimbo jingine wasio na kura Nebraska. Brewer alipinga maduka hayo hadharani, ingawa wengi wa waathirika hawakuwa wapigakura wake. Aprili 2017 tume ya leseni za pombe ilikataa kuhuisha leseni zao, na mwezi Septemba rufaa ya wenye maduka ikagonga mwamba katika Mahakama ya Juu ya Nebraska.

Kama kuna kitu cha kurekebisha, ni posho. Seneta wa Nebraska analipwa dola 12,000 kwa mwaka, kiasi kilichowekwa kwenye katiba ya jimbo; mwaka 2012 wapigakura walikataa kukipandisha hadi 22,500. Bunge hukaa siku 90 za kazi mwaka mmoja na 60 mwaka unaofuata. Seneta wa Omaha anarudi kulala nyumbani. Wa Valentine yuko zaidi ya kilomita 400 kutoka Lincoln, na kikao kinaangukia majira ya ng'ombe kuzaa. Anayemudu hivyo ni mstaafu, au mwenye ranchi yenye watu wa kumshikia kazi. Mwalimu wa shule ya kijijini hamudu. Ongeza ukomo wa vipindi viwili mfululizo vya miaka minne, na mtu anaondoka pale tu anapoanza kuzijua kamati.

Ramani ijayo itachorwa 2031, na bunge lenyewe, baada ya sensa ya 2030. Kila muswada Nebraska hupewa kikao cha wazi ambako yeyote anaweza kutoa ushahidi, na barua ya mkazi wa mbali huingizwa kwenye kumbukumbu. Namba ya eneo lako la uchaguzi utaipata bure kwa karani wa kaunti, na ukishapita 2031 muulize tena, maana unaweza kukuta seneta wako si yule yule ingawa hujahama nyumba.