Ufunguo wa kwanta ukitoka Kilindini utafika wapi?

Nikitaja usambazaji wa funguo kwa kwanta, wengi hudhani ujumbe wenyewe ndio unaosafiri kwa fotoni, yaani chembe za mwanga, mojamoja. Sivyo. Kinachotengenezwa hapo ni ufunguo tu, yaani mfuatano wa siri wa biti, zile 0 na 1, wa kufungia ujumbe. Malipo na nyaraka za forodha hupita faiba kama kawaida, zikiwa zimefungwa kwa ufunguo huo.

Utaratibu unaojulikana zaidi ni BB84, uliobuniwa na Charles Bennett na Gilles Brassard mwaka 1984. Mtumaji huelekeza mtikisiko wa kila fotoni wima, mlalo, au kwa mshazari wa kulia au kushoto. Mpokeaji hubahatisha namna ya kuipima, kisha wawili hao huambiana hadharani namna walizotumia, bila kutaja majibu, na zisizolingana hutupwa. Mdukuzi hawezi kunakili fotoni asiyoijua hali yake, na akiipima anaivuruga. Akizidaka zote na kutuma nyingine, takriban robo ya biti zilizobaki huwa na makosa. Ufunguo huachwa makosa yakikaribia asilimia 11, kwa hiyo mwizi wa aina hiyo hana pa kujificha.

Taabu ni masafa. Faiba nzuri hupoteza desibeli 0.2 za mwanga kwa kilomita, na kila desibeli 10 hubakisha sehemu moja ya kumi. Bandari ya Kilindini hadi Nyali, humo humo Mombasa, mteremko. Kilomita 100 ni desibeli 20: katika fotoni mia, inafika moja. Nairobi, kilomita 480 hivi kwa barabara, ni desibeli 96, yaani fotoni moja katika kila bilioni nne! Na hapo sijahesabu viungio. Kichwa cha faiba chenye vumbi la chumvi, ukikikagua kwa darubini, huonyesha doa dogo tu. Lakini doa la nusu desibeli limekula fotoni 11 katika kila mia. Intaneti ya kawaida wala haitashtuka.

Vikuza mwanga havifai, maana vinanakili. Ndiyo maana TEAMS na SEACOM, kebo za intaneti za chini ya bahari zilizofika Mombasa mwaka 2009 na vikuza vyake sakafuni mwa bahari, si njia ya kupitishia fotoni hizi.

China, kati ya Beijing na Shanghai, ilijenga vituo 32 vya kupokezana ufunguo. Kwetu vingekuwa Voi, Mtito Andei na kwingineko, na katika kila kituo ufunguo hukaa wazi. Askari wa zamu Mtito Andei atalindwa na nani? Kwa Nairobi mimi ningetumia ML-KEM, kanuni ya kihesabu ya kukubaliana ufunguo bila fotoni za kwanta, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2024, inayopita kwenye faiba hii hii tuliyo nayo. Kwanta ningeiweka kati ya bandari na benki za mjini.