"Sista, ORS nimempa, mbona bado anaharisha?"

Swali hili halikauki kwenye foleni za kliniki za watoto hapa Mwanza, na kila mara linafuatwa na ombi lilelile: "Basi muwekeeni dripu." Ni wakati wa kulimaliza.

ORS, ule unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji, haizuii kuharisha. Haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Inarudisha maji na chumvi zinazotoka, ili mtoto asikaukiwe wakati tumbo likijitengeneza lenyewe, jambo ambalo mara nyingi huchukua siku kadhaa hadi wiki. Kinachoua ni kukaukiwa. Kwa hiyo usiipime ORS kwa kuhesabu nepi za choo. Angalia kama anakojoa, kama analia kwa machozi, kama macho yamedidimia, kama amechangamka. Akiwa anaharisha mara sita lakini anakojoa na anacheza, ORS inafanya kazi yake sawasawa.

Tatizo la pili ni uchanganyaji, na hapa ndipo uvumilivu wangu unapoisha. Pakiti ya gramu 20.5 ina gramu 13.5 za glukosi na gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, pamoja na potasiamu na sitreti, kwa ajili ya lita moja kamili. Uwiano huo una sababu: kwenye utumbo mdogo glukosi na sodiamu huingia pamoja, na maji huzifuata. Njia hiyo hubaki wazi hata kwa mgonjwa wa kipindupindu. Sasa mtu anamwaga pakiti nzima kwenye chupa ya nusu lita. Chumvi imekuwa mara mbili, inavuta maji kutoka mwilini kuyaleta utumboni, mtoto anaharisha zaidi, na sodiamu ikipanda sana kwenye damu anaweza kupata degedege. Mwingine anachota kijiko kimoja cha unga anakoroga kwenye kikombe, pakiti anaikunja aibakize kesho. Hapo hakuna anayejua mtoto amekunywa nini.

Soma pakiti kwanza, maana zipo za lita moja na zipo ndogo zaidi. Nawa mikono kwa sabuni. Chemsha maji, yawe ya bomba au ya ziwani, yaache yapoe. Pima kwa chupa ya maji ya dukani yenye kiasi kilichoandikwa kwenye lebo: kwa pakiti ya lita moja, ya nusu lita, mara mbili. Mwaga unga wote, koroga hadi uyeyuke. Usiongeze sukari, soda, juisi wala maziwa, na usiichemshe tena. Zikipita saa 24 tangu uichanganye, mwaga iliyobaki, changanya nyingine.

Kila baada ya choo cha maji, mtoto wa chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100, aliyezidi hapo 100 hadi 200. Tumia kikombe na kijiko, kijiko kimoja kila dakika moja au mbili. Ukimnywesha kwa pupa atatapika, kisha utasema dawa imemkataa. Akitapika, subiri dakika kumi, anza tena polepole zaidi. Wanaovuka kutoka visiwani, Ukerewe au Kome, wabebe ORS iliyokwisha changanywa na wamnyweshe mtoto humohumo chomboni.

Dripu nayo ni maji na chumvi tu. Inamfaa mtoto aliyelegea kabisa, asiyeweza kunywa, ambaye ngozi ya tumbo ukiivuta na kuiachia inachukua zaidi ya sekunde mbili kurudi. Anayeweza kunywa atumie kinywa chake.

Zinki, kidonge anachopewa mtoto anayeharisha pamoja na ORS, ni siku kumi, hata kama choo kimekauka siku ya tatu: miligramu 20 kwa siku, na 10 kwa mtoto wa chini ya miezi sita. Kidonge kinayeyushwa kwenye kijiko cha maji safi au maziwa ya mama. Flagyl ya duka la dawa, ambayo ni antibayotiki, haihitajiki kwa choo cha maji cha kawaida. Choo chenye damu kinahitaji kituo cha afya, na huko ndiko antibayotiki huchaguliwa. Kunyonya kusikatwe. Anayekula aendelee na uji, ndizi za kuponda, sato aliyetolewa miiba.

Mengine kwa ufupi, kwa kuwa hayastahili nafasi kubwa.

Meno ya plastiki, yanayosemwa kuwa ndiyo yanaharisha watoto, hayapo. Uvimbe mweupe kwenye ufizi ni jino la kawaida ambalo halijatoka. Kuling'oa kwa spoku ya baiskeli kunaleta damu nyingi, maambukizi, hata kuharibu jino la ukubwani, na kuharisha kunabaki palepale.

Mtoto mwenye degedege hafi kwa sababu amechomwa sindano, kama inavyosemwa mitaani. Anakufa kwa sababu malaria kali au homa ya uti wa mgongo imeachwa siku mbili ikifukizwa moshi. Mlaze ubavu, usimtie kijiko wala dawa mdomoni, mlete. Kwa malaria kali, sindano ya atesuneti ndiyo tiba yenyewe.

"Amebemendwa," yaani amedhoofika kwa sababu wazazi wamelala pamoja angali ananyonya. Hapana, ana utapiamlo, na wazazi kulala pamoja hakukuhusika. Kwa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano, mzunguko wa mkono wa juu ukiwa chini ya sentimita 11.5, au miguu yote miwili imevimba, aletwe leo. Huyu akiharisha, taja hali hiyo mapema kwa muuguzi: ana mchanganyiko wake maalumu wenye sodiamu kidogo, hunyweshwa taratibu zaidi, na dripu ya haraka inaweza kuuzidi nguvu moyo wake.