Mwaka wa kwenye kibao si lazima uwe mwanzo wa mji

Kuna ujumbe usiochoka kuzunguka kwenye makundi ya simu: kwamba mji mdogo wa wakulima ulianza mwaka ulioandikwa kwenye kibao chake, na kabla ya hapo palikuwa pori tupu. Sivyo. Mara nyingi mwaka huo ni wa kupimwa viwanja, kufunguliwa posta au kufika reli. Wakulima walikwishatangulia, wakifuata maji na udongo mzuri. Kuchanganyikiwa kunaeleweka, maana karatasi hudumu ilhali nyumba za udongo huanguka. Anayetaka kuhakikisha alinganishe ramani za zamani, daftari za ndoa na makaburi. Kaburi moja tu lenye tarehe ya nyuma zaidi huanza kuleta maswali. Ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze.