Ukikuta Alama ya Kinazi Ujerumani, Usiifute Kabla ya Kuripoti

Malalamiko tunayopokea kutoka kwa Waswahili waishio Ujerumani yameongezeka, na mengi yanatufikia yakiwa yamechelewa. Mtu amekuta swastika, ule msalaba uliopindwa wa Wanazi, imechorwa mlangoni kwake, ameifuta, kisha baada ya wiki kadhaa ndipo anauliza afanye nini.

Dhana inayotuchosha ni kwamba Unazi, itikadi ya Hitler, ulikwisha 1945 na waliobaki ni vijana walevi tu. Chama cha SRP, kilichoundwa na Wanazi wa zamani, kilipigwa marufuku na Mahakama ya Katiba mwaka 1952. Mwaka 1964 kikazaliwa NPD, chama kingine cha mrengo mkali wa kulia. Mwaka 1990 Amadeu Antonio, mfanyakazi kutoka Angola, alipigwa mjini Eberswalde hadi akapoteza fahamu, na baadaye akafariki. Waliompiga walikuwa vijana hao hao mnaowapuuza.

Enver Şimşek, muuza maua, alipigwa risasi Nürnberg Septemba 2000 akiwa kazini. Kwa miaka polisi waliichunguza familia yake, wakishuku biashara ya dawa za kulevya. Novemba 2011 ndipo ilipobainika kuwa wauaji ni NSU, kikundi cha siri cha Wanazi mamboleo, kilichoua watu 10. Tangu 2015, sheria inamtaka waziwazi hakimu azingatie nia ya kibaguzi anapopanga adhabu. Kwa hiyo maneno ya mshambuliaji yaandikishwe kama alivyoyatamka, hata kama ni matusi.

Utaratibu ni huu. Piga picha kabla ya kugusa chochote. Kama ni ujumbe wa simu, jina la akaunti, tarehe na saa vionekane. Ripoti kituo chochote cha polisi au kwa mwendesha mashtaka, na uombe namba ya jalada. Kuonyesha hadharani alama za Kinazi, pamoja na salamu ya Hitler, ni kosa chini ya kifungu cha 86a cha sheria ya jinai ya Ujerumani: faini au kifungo kisichozidi miaka 3. Kuchochea chuki, kifungu cha 130, ni kifungo cha miezi 3 hadi miaka 5. Haya huchunguzwa hata bila ombi la mwathiriwa. Tusi binafsi ni tofauti: ombi rasmi la kushtaki liwasilishwe ndani ya miezi 3 tangu ulipojua kosa na aliyelitenda.

Wapo wanaosema sheria hii haimgusi mkubwa. Mei 2024 mahakama ya Halle ilimtoza mwanasiasa Björn Höcke faini ya euro 13,000 kwa kutumia kaulimbiu ya SA, wanamgambo wa Hitler.

Na tafadhali, msirushe picha hizo kwenye makundi ya WhatsApp. Kuisambaza swastika bila kuonyesha wazi kwamba unaipinga kunaweza kukufungulia jalada wewe mwenyewe.